Marejea yakichanua hayaibi rutuba

Wapo wakulima ambao marejea, mmea unaopandwa kurutubisha udongo, yakianza tu kutoa maua ya manjano huyang'oa, eti maua yananyonya udongo. Sivyo. Marejea ni jamii ya kunde: bakteria waliomo kwenye vinundu vya mizizi hunasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho ambacho mimea hukihitaji sana. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ukikuta rangi ya waridi ndani, kazi inaendelea.

Kinachoharibu ni kuchelewa. Mbegu zikishajaa, naitrojeni nyingi huwa imehamia humo, na mashina yamekomaa, hayaozi upesi. Kwa hiyo fyeka maua yanapoanza, tandaza majani palepale, mizizi ibaki ardhini. Ila mstari wa pembeni usiuguse, hasa kama una pasheni: wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huyapenda maua haya, nao ndio wachavushaji hodari wa pasheni.