Si Mwili Uliozoea Dawa

"Mwili wangu umeshaizoea ile dawa, nipe nyengine."

Kaa dakika 10 mbele ya duka lolote la dawa, Darajani mjini Unguja au Chake Chake kule Pemba, utaisikia kauli hii. Anayeisema hana kosa la makusudi. Mwaka jana alimeza kapsuli za rangi mbili akapona, safari hii amezimeza tena na hali ni ile ile, akatafuta sababu, na cha karibu kumtupia lawama kikawa mwili wake mwenyewe. Nimefanya kazi maabara miaka mingi. Ningepewa nafasi ya kusahihisha dhana moja tu kuhusu antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, ningeanza na hii, maana nyingi nyengine zimezaliwa humo.

Mwili hauizoei antibiotiki. Anayejifunza kuishi nayo ni bakteria. Penisilini na amoksilini, kwa mfano, humzuia mdudu kujenga ukuta unaomzunguka, mpaka anapasuka. Lakini katika mamilioni ya bakteria hawakosekani wachache ambao vinasaba vyao vimebadilika kidogo: huyu anatoa kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijamgusa, yule ana pampu ya kuitema dawa nje. Dawa ikiingia, wanyonge wanakufa, na hao wachache wanabaki na uwanja mtupu. Bakteria wa utumbo aitwaye E. koli, akipata chakula na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo kuujaza uwanja huo si kazi ya siku nyingi. Tena hawazaliani tu. Wanapeana silaha. Kuna kipande kidogo cha DNA chenye umbo la pete, kinaitwa plazimidi, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwengine hata kama si wa jamii yake, kama sahani ya futari inavyopita mlango hadi mlango mwezi wa Ramadhani.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ingekuwa mwili ndio uliozoea, hasara ingekuwa yako peke yako. Mdudu hakai kwako. Anatoka kwa mikono, kwa choo, kwa maji ya kisima, kwa shuka za wodini. Kichanga ambaye hajaonja kidonge hata kimoja anaweza kupata maambukizi ya damu yaliyosababishwa na bakteria ambao tayari ni sugu. Kwa mwaka 2019, watafiti walikadiria kwamba usugu huu ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani, na ukanda wetu wa Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa miongoni mwa ulioumia zaidi.

Natamani kila mtu aione sahani ya maabara asubuhi moja tu. Ni sahani ya duara, imejazwa chakula cha bakteria chenye rangi ya uji mwepesi, juu yake zimepangwa karatasi za mviringo ndogo kuliko shilingi, kila moja imelowekwa dawa yake. Jioni tunawapaka bakteria wa mgonjwa sahani nzima, ndipo tunazipanga karatasi, kisha tunaiweka kwenye joto la nyuzi 35. Kesho yake, dawa inayofaa inajionyesha yenyewe: karatasi imezungukwa na duara safi ambamo hakuna kilichoota, tunalipima kwa rula kwa milimita. Dawa isiyofaa haina duara. Bakteria wameota mpaka wakaigusa karatasi, wamelala juu ya sahani kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nimeshika sahani ambazo karatasi nne, tano, hazikuwa na duara hata moja. Unaitazama, kisha unakumbuka kwamba sahani ile ina jina la mtu, na mtu huyo yuko kitandani anasubiri jibu.

Jambo hili si geni, wala hatukushitukizwa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini London mwaka 1928, alipotoa hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945 alisimulia kisa cha kubuni cha bwana anayeumwa koo. Ananunua penisilini, anaimeza kidogo, kiasi kisichowaua wadudu bali kinawafundisha kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata homa ya mapafu, anatibiwa kwa penisilini, haimsaidii, anafariki. Angalieni nani aliyekufa katika kisa kile. Si aliyemeza dawa.

"Mtoto ana homa, mpe antibiotiki, haidhuru"

Wazee wetu walijua kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vyengine, na kwa wakati wao hawakukosea sana. Kisha ikaja dawa mseto mwaka 2003, vikaja vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani, na maambukizi ya malaria Unguja na Pemba yakashuka hadi chini ya asilimia 1. Ni ushindi mkubwa, tunastahili kujivunia. Lakini homa za watoto hazikuisha, na mkono uliozoea kutoa dawa ya malaria ukahamia kwenye amoksilini.

Mwaka 2011 watafiti waliwachunguza watoto 677 wa chini ya miaka mitano waliofika kituo cha afya cha shamba hapa Unguja wakiwa na homa. Asilimia 74 waliandikiwa antibiotiki. Vipimo vya kina vilipofanywa, waliokuwa na maambukizi yanayohitaji dawa kama hizo walikuwa takriban asilimia 22. Wengi wa waliobaki walikuwa na virusi, na virusi hawana ule ukuta ambao penisilini inauvunja. Mafua na vikohozi vingi vya watoto hupoa vyenyewe kwa maji ya kutosha, kunyonya na dawa ya kushusha homa. Kwa kuwa vinapoa siku ya nne au ya tano, na kapsuli ilianzwa siku ya pili, sifa inachukuliwa na kapsuli.

Na haidhuru? Inadhuru. Utumboni mna bakteria wengi wasio na ubaya wowote, wanaotusaidia. Antibiotiki haichagui. Inawafyeka hao, watoto wanaharisha, na walio sugu wanaweza kubakia humo kwa miezi.

Hapa nisieleweke vibaya, kwani wapo wazazi ambao wakisikia maneno haya huogopa dawa kabisa. Mtoto anayepumua mbio, kifua kinabonyea ndani, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, huyo anapelekwa hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Homa ya mapafu ya bakteria inaua, na amoksilini iliyotolewa kwa wakati inaokoa. Ndiyo sababu tunaing'ang'ania isiharibike.

"Nimepima, nimekutwa na taifodi"

Taifodi ipo, khasa Pemba. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali za Pemba kati ya mwaka 2009 na 2010, wagonjwa wa homa 2,209 walichukuliwa damu ikaoteshwa kwenye chupa maalumu. Waliokutwa kweli na bakteria wa maana ndani ya damu walikuwa 79, na zaidi ya nusu yao walikuwa na mdudu wa taifodi. Kwa hiyo mambo mawili ni kweli kwa pamoja: taifodi ndiyo iliyoongoza miongoni mwa bakteria wa damu, na wagonjwa wengi mno wa homa hawakuwa nayo.

Tatizo ni kile kipimo cha haraka kinachotumika sana mitaani, Widal. Tone la damu linachanganywa na dawa juu ya kigae cheupe, likigandana chembechembe unaambiwa una taifodi "moja kwa mia na sitini". Kipimo hicho hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani alama za vita ambavyo mwili ulipigana, na alama hizo zinaweza kuwa za miaka iliyopita au za bakteria mwengine wa ukoo wa karibu. Watu wamebeba karatasi za majibu hayo wakatibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja. Wakati huo huo, mdudu halisi wa taifodi katika Afrika Mashariki ameshazishinda dawa za zamani kama kloramfenikoli, ampisilini na Septrin.

Kipimo cha kumuotesha mdudu kinachukua siku kadhaa, na hakipatikani kila kituo. Pemba wana bahati ya kuwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000. Unapoweza kukipata, damu itolewe kabla hujaanza antibiotiki. Na kama umeshameza, mwambie daktari usimfiche. Watu wanaona haya kusema, wakidhani watagombezwa, kisha chupa haioti kitu na sote tunabaki gizani.

UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nayo iko hivyo hivyo. Mtu hana maumivu, hakojoi kwa kuungua, hana homa, amepima mkojo kwa jambo jengine, wakaonekana bakteria, basi anaanza dozi, akimaliza anapima tena, wapo, anaambiwa ni "UTI sugu". Kwa mtu mzima asiye na dalili, mara nyingi bakteria hao hawahitaji dawa. Mjamzito ni tofauti, yeye hutibiwa hata bila dalili.

"Sindano ndiyo kiboko"

Bei na ukali si vipimo vya ubora. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa antibiotiki mafungu matatu: za kuanzia, za kuangaliwa na za akiba. Amoksilini imo fungu la kuanzia. Azithromaisini, ambayo madukani inaombwa kama peremende, pamoja na siprofloksasini na sindano ya seftriaksoni zimo fungu la kuangaliwa, kwa kuwa huzalisha usugu upesi zaidi. Mwenye koo linalowasha akianza na seftriaksoni, atakapokuja kupata homa ya uti wa mgongo tutamchoma nini?

Kuhusu kumaliza dozi, nimebadilika. Zamani nilikuwa naihubiri kama amri isiyo na nyongeza. Tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba kwa magonjwa mengi dozi fupi inatosha sawa na ndefu, na kila siku ya ziada ni siku ya ziada ya kuwafundisha wadudu. Hilo halikupi ruhusa ya kujikatia mwenyewe nyumbani, sembuse dawa ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida ni miezi 6 na kuikatisha ni hatari kubwa. Meza siku ulizoandikiwa. Kama unadhani ni nyingi, rudi uulize. Vidonge vilivyobaki visiwekwe kabatini kwa ajili ya rafiki, wala kapsuli isifunguliwe na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda cha mtoto. Kidonda kinataka maji safi na sabuni.

"Dawa ya kuku ni ya kuku"

Unga wa oksitetrasaikilini unaotiwa kwenye maji ya kuku wa nyama ni wa ukoo ule ule wa tetrasaikilini ya binadamu. Wafugaji wengine huutia kuanzia vifaranga wakiwa wazima, ati kinga. Wateja wanajiliwaza kwamba moto wa jikoni unaua kila kitu, na ni kweli nyama iliyoiva haina bakteria hai. Lakini kabla ya kuiva kuna mikono, kisu na ubao uliokatiwa kuku kisha ukakatiwa kachumbari. Na kuna kinyesi. Bandani kinazolewa kwa magunia, kinamwagwa kwenye matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, na masika ikianza, maji yanayopita kwenye matuta yale yanateremka hadi kwenye kisima ambacho mtaa mzima unachota.