Kinga ya dola: deni la saruji na damu ya raia

Kinga ya dola ni kanuni ya sheria ya kimataifa inayozuia mahakama za nchi moja kuihukumu nchi nyingine. Msingi wake ni usawa: dola zote ni huru, hakuna iliyo juu ya mwenzake.

Biashara haimo. Mwaka 1977 Benki Kuu ya Nigeria ilinyimwa kinga London katika mgogoro wa malipo ya saruji. Lakini jeshi likiua raia vitani, hilo huhesabiwa kuwa tendo la utawala, na kinga hubaki palepale. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Kinga hii ni ya dola yenyewe. Mtu ana hesabu yake: Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alihukumiwa Dakar mwaka 2016. Tena kinga haiifai dola kwenye mahakama zake yenyewe, ndiyo maana wazee wa Mau Mau waliweza kuibana Uingereza London kwenyewe, hadi mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Walioichokoza hasa kanuni hii ni Waitaliano. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Italia iliruhusu raia aliyepelekwa Ujerumani kwa kazi za shuruti mwaka 1944 aidai Ujerumani fidia. Ujerumani haikukana uovu huo. Ilikwenda The Hague kutetea kinga. Tarehe 3 Februari 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliipa ushindi, majaji 12 kwa 3. Kinga, walisema, ni suala la utaratibu tu: haihalalishi kosa, inaamua nani asilisikilize.

Kisheria hoja imenyooka. Ila wanajeshi wa Italia waliotekwa na Ujerumani walikuwa wameshanyimwa fidia huko kwa madai kwamba walistahili hadhi ya wafungwa wa vita, ambao hawakuhusika na fidia hiyo; na hadhi hiyo Wanazi wenyewe waliwanyima. Majaji walishangaa na kusikitika, wakapendekeza serikali mbili zizungumze. Kwa mdai mwenye miaka themanini na ushei, hapo sioni tofauti ya utaratibu na kunyimwa haki.

Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ya Italia ilikataa kuifuata hukumu hiyo, kesi zikaendelea. Ujerumani ilirudi The Hague Aprili 2022. Italia ikaunda haraka mfuko wa kuwalipa waathirika, kwa fedha zake yenyewe.