Muhula wa baharini ni nini?

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Bukavu. Jioni moja aliniletea simu, kwenye kioo kuna picha ya meli nyeupe na vijana wameketi juu yake, madaftari magotini. "Mama mudogo," akauliza, "ile ni masomo ao ni matembezi?" Nikamjibu kwa maneno mawili matatu, akaenda kupika. Lakini swali lilinikaa moyoni, kwa sababu neno lenyewe linaeleweka vibaya, hata na watu wazima.

Muhula wa baharini ni kipindi cha masomo ya chuo kikuu, kwa kawaida siku mia moja na kidogo, ambacho mwanafunzi anakimaliza ndani ya meli inayotoka bandari moja hadi nyingine. Meli ndiyo chuo. Ina madarasa, maktaba, walimu, mitihani, vyumba vya kulala, chakula na daktari. Alama anazopata mwanafunzi zinahesabiwa na chuo cha nchi kavu kinachousimamia muhula huo, kisha zinahamia kwenye chuo chake. Kwa hiyo ni masomo. Si mafunzo ya ubaharia: meli inaendeshwa na nahodha na mabaharia wenye kazi yao, wakati wanafunzi wanasoma uchumi, dini, biolojia ya bahari, muziki au fasihi, kila mtu na fani yake.

Tena si kile tunachokiita huku kwetu kwenda kusoma ng'ambo. Kijana wa Goma akipata nafasi Ubelgiji, anafika, anatafuta chumba, anazoea mtaa mmoja, duka moja, basi moja, mpaka ugeni unamtoka. Wa melini hana mtaa wa kuzoea. Wiki hii yuko India, baada ya siku kadhaa yuko Afrika Kusini, halafu Ghana. Nchi zinapita, kinachobaki ni meli na watu waliomo. Ndiyo maana mtu anayetaka kulielewa neno hili asianze kwa kuhesabu nchi. Aanze na watu walio ndani.

Jambo lenyewe si la juzi. Mwezi wa 9 mwaka 1926, profesa wa saikolojia kutoka New York aitwaye James Lough alipakia wanafunzi wapatao 500 kwenye meli ya Kiholanzi, Ryndam, wakaizunguka dunia kwa miezi saba na ushei. Mwaka 1963 ukaanza mpango mwingine wa Kimarekani, ambao baadaye ulipata jina la Semester at Sea, na huo ndio unaojulikana zaidi hadi leo. Vyuo vikuu vya Pittsburgh, Virginia na Colorado State vimepokezana kuusimamia. Katikati ya historia hiyo yumo tajiri wa meli wa Hong Kong, C. Y. Tung, aliyeamini kwamba vijana wakisoma pamoja baharini wataacha kuogopana. Aliinunua Queen Elizabeth, meli kubwa sana ya abiria ya Waingereza, ili aigeuze chuo. Mwezi wa kwanza 1972, kazi ikiwa bado inaendelea, meli ikaungua moto ikazama palepale bandarini Hong Kong. Hakukata tamaa; alikuwa na meli nyingine ndogo zaidi, na wanafunzi waliendelea kusafiri nayo kwa miaka mingi.

Sasa maisha yenyewe. Siku za melini ni za aina mbili, siku za bahari na siku za bandari. Siku za bahari ni za darasa, na hazijui Jumamosi wala Jumapili. Zinaitwa A na B, zinapokezana: leo A, una masomo haya, kesho B, una yale, keshokutwa A tena. Baada ya wiki mbili mwanafunzi hajui tena kama ni Alhamisi au Jumatatu, anajua tu kwamba ni B na ana jaribio la takwimu. Saa nayo inasogea. Sisi wa mashariki ya Kongo tunalijua hilo kidogo, maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja na bado ni nchi ileile. Melini saa inabadilishwa mara nyingi kwa muhula mmoja. Meli ikienda magharibi unapewa saa ya ziada ya kulala, ikienda mashariki unanyang'anywa. Ikivuka Pasifiki kuelekea Asia inaruka siku nzima: unalala Jumanne, unaamka Alhamisi. Aliyezaliwa tarehe hiyo ya Jumatano, wenzake ndio wanaomchagulia siku nyingine.

Na meli inayumba. Mwalimu anafundisha amepanua miguu kama mtu aliye juu ya lori la mizigo. Kalamu inabingirika mpaka mwisho wa meza, inasubiri, inarudi. Kwenye kibaraza cha vyumba, ule ujia wa kati ya milango, watu wanatembea mkono mmoja ukutani, na wote wanaelemea upande mmoja kwa pamoja, kama waliofundishwa. Siku za mwanzo wengi wanatapika. Mtu usiyejua hata jina lake anakuletea tufaha la kijani na biskuti kavu, kwa sababu jana yeye ndiye aliyekuwa sakafuni.

Hapo ndipo urafiki wa melini unapozaliwa, na hapa naomba nieleze kwa kitu ninachokijua kwa macho yangu.

Mimi ni mtoto wa Goma niliyesomea Bukavu. Kila mwanzo wa mwaka nilikuwa napanda bato ya usiku, meli ya abiria ya Ziwa Kivu. Tunaondoka jioni, volkano ya Nyiragongo nyuma yetu imeanza kuwa nyekundu kileleni, na mpaka alfajiri hakuna kushuka. Saa ya kwanza kila mtu amekumbatia mzigo wake na kumwangalia jirani kwa jicho la pembeni. Tukifika usawa wa kisiwa cha Idjwi giza limekaza, simu hazishiki mtandao, upepo wa ziwa unaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa mbali zinaonekana taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na ukisikiliza vizuri unawasikia wanaimba. Safari moja alikuwepo mama mmoja mchuuzi, ana jibini za Masisi kwenye beseni, zile za duara. Aliniona natetemeka. Hakuuliza natoka kwa nani. Alifungua kikwembe chake cha pili, akanifunika na kumfunika kijana mwingine wa kando yangu, kisha akakata jibini kwa kisu kidogo na kutugawia na ndizi. Mpaka tunafika tulikuwa tunajua habari za mume wake, za mtihani wangu uliokwama, na za babake yule kijana aliyekuwa hospitalini. Kwa miezi sita ya masomo darasani nilikuwa sijamweleza mwenzangu yeyote mambo hayo.

Sasa chukua usiku ule mmoja, uuzidishe mara mia.

Sababu zake si za ajabu. Ya kwanza ni kwamba hakuna mlango wa kutokea. Huku Bukavu nikigombana na mtu wa Kadutu, naweza kupita njia ya Nyawera mwezi mzima nisimwone. Melini uliyegombana naye jana usiku unamkuta kwenye uji, unamkuta darasani, unamkuta kwenye ngazi, na pengine ndiye mnayelala naye kabini moja yenye upana wa vitanda viwili. World Odyssey, meli iliyotumiwa na mpango ule wa Semester at Sea tangu 2015, ina urefu wa mita 175 hivi. Unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wake kwa dakika chache. Ugomvi hauna mahali pa kukulia, lazima uzungumzwe. Wapo wanaoumia kwa hilo, nisiseme uongo. Mtu mwenye kupenda ukimya anaweza kuchoka sana, na upweke wa kukaa katikati ya watu mia sita wanaocheka ni upweke mkali kuliko wa chumbani peke yako.

Sababu ya pili ni muda. Kwa miaka mingi intaneti ya melini ilikuwa ya kupimiwa, ghali na ya polepole, kwa hiyo jioni ziliishia kwenye karata, magitaa na maongezi ya sitahani. Mtu anamaliza kula, anabaki mezani saa nzima, kwa sababu hana pengine pa kuwahi.

Ya tatu ni kwamba hofu inashirikiwa. Mwezi wa kwanza 2005, wimbi la karibu mita 15 liliipiga Explorer, meli nyingine ya mpango huohuo, kaskazini mwa Pasifiki, ikiwa na wanafunzi karibu 700. Vioo vya chumba cha nahodha vilivunjika na mitambo ikazimika kwa muda. Meli ikageuzia Honolulu, wakafika wote. Watu waliokaa sakafuni wameshikana mikono namna hiyo hawawi tena wanafunzi wa promosheni moja tu, yaani wa mwaka mmoja wa masomo.

Kinachonigusa zaidi ni familia za melini. Kwenye meli hizi hawapandi vijana pekee. Kuna walimu na wake au waume zao, watoto wadogo wa walimu, na wazee waliostaafu wanaotaka kuendelea kujifunza. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini naye alisafiri na wanafunzi zaidi ya mara moja. Basi mwanafunzi anayetaka anapewa wazazi wa melini: mzee wa miaka sabini na mkewe wanachukua vijana kadhaa, wanakula nao siku fulani, wanawauliza mitihani imekwendaje, wanawakemea kidogo. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Sisi hatulihitaji liandikwe kwenye programu, maana huku kila mama wa rika la mama yako ni mama yako. Lakini wale vijana wengi wametoka mahali ambapo jirani haguswi, na inabidi waende katikati ya bahari ndipo wapate shangazi.

Pia vibaraza vya vyumba vinapewa majina ya bahari, na siku moja ya muhula masomo yanasimama, wakaaji wa kibaraza hiki wanashindana na wa kile kwa kuvuta kamba, kuimba, kujibu maswali. Wanapovuka ikweta wanafanya sherehe ya zamani ya mabaharia: wanambusu samaki, wengine wananyolewa kichwa chote, wasichana kwa wavulana. Mwanangu huyu alicheka sana kwa hilo la samaki. Nikamkumbusha kwamba anayetoka Lubero kwenda Butembo anaivuka ikweta hiyohiyo ndani ya gari, na hakuna anayembusu mtu.

Siku za bandari ndizo zinazopigwa picha, nami nitazipitia haraka. Meli inakaa siku nne, tano, sita. Baadhi ya saa ni za somo la nje na mwalimu, nyingine ni zako. Watu wanatoka vikundi vikundi, na hapo ndipo urafiki wa sitahani unapimwa: nani anakusubiri ukiugua tumbo, nani anaficha pesa, nani anakumbuka saa ya kurudi. Maana saa ya kurudi si ya mchezo. Unatakiwa uwe ndani mapema, muda wa saa mbili hivi kabla ya meli kuondoka, na ukichelewa unafidia kwa kuzuiwa kushuka kwa muda kwenye bandari inayofuata.

Gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Kuna misaada ya masomo, na wengine wameipata, lakini mwenye pasipoti yetu anahitaji pia viza karibu kila bandari. Nimemwambia mtoto wa dada hivyo waziwazi, na nimemwambia aombe.

Alichotaka kujua mwisho ni hiki: wakishuka, inakuwaje? Meli inatia nanga, baada ya saa chache mezani hamna mtu, kila mmoja yuko kwenye ndege yake. Wengi husema wiki za kwanza nyumbani ni ngumu. Kitanda hakiyumbi, na asubuhi wanaamka wakitafuta sauti za kwenye kibaraza. Baadhi wanaandikiana miaka yote. Wengine hawaonani tena.

Yule mama wa jibini sikuwahi kuandika namba yake. Karibu miaka saba baadaye nilikuwa nachagua nyanya kwenye soko la Kadutu, nikasikia mtu nyuma yangu anauliza kwa sauti ya juu, "We mutoto wa kwenye bato, ule mutihani ulishaka pita?"