Kidoa Kikikatwa, Kipelekwe Maabara

Wengi wanaokuja kwangu kuondolewa vidoa vyeusi vya ngozi huanza kwa kuuliza kuhusu kovu, na wana haki ya kuuliza. Mimi huanza na swali jingine, yaani kidoa hicho ni nini hasa, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua njia ya kukiondoa.

Vingi havina madhara, kwani ni mkusanyiko tu wa seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho pande zake mbili hazifanani, kingo zake hazikunyooka, kina rangi zaidi ya moja, kimezidi upana wa milimita 6 au, jambo ninalolipa uzito kuliko yote, kimebadilika katika miezi ya karibuni. Kwa wenye ngozi nyeusi nakagua pia nyayo, viganja na chini ya kucha, kwa sababu huko ndiko melanoma yao, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi, hujitokeza mara nyingi zaidi. Ile ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

Kidoa kilichoinuka na kisichotia shaka hukatwa kwa wembe wa upasuaji, usawa wa ngozi, bila kushonwa, ingawa seli za chini zinaweza kubaki na rangi ikarudi. Chenye shaka sikikati hivyo kamwe. Hukitoa chote pamoja na ukingo wa ngozi yenye afya wa milimita 2 hivi, hadi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwa mkato wa umbo la jicho ambao urefu wake ni takriban mara tatu ya upana na unaofuata mikunjo ya asili ili kovu lijifiche. Sindano ya ganzi huuma kwa sekunde chache. Baada yake mgonjwa huhisi kuvutwa tu.

Kinyama kilichokatwa huwekwa katika fomalini, dawa ya kukihifadhi, na kupelekwa maabara kwa mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kwa hadubini. Ndiyo maana napinga kuchoma kidoa kwa leza au dawa kali kabla hakijakaguliwa, kwani kilichoungua hakipimiki tena. Nimepokea watu waliochomwa kwingineko, rangi imerudi, na hakuna awezaye kuwaambia kilichochomwa kilikuwa nini.

Mabegani, kifuani na masikioni kovu linaweza kuvimba likawa keloidi, yaani kovu nene linalokua kupita kidonda chenyewe, na mwenye historia hiyo humshauri akiache kidoa kisicho na madhara. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za mgongoni na miguuni siku 10 hadi 14. Hujitahidi siku hiyo iwe pia ya kusoma majibu pamoja na mgonjwa, kwa sababu yakionyesha melanoma, hata kidonda kilichofunga vizuri hulazimika kufunguliwa upya na kukatwa kwa ukingo mpana zaidi.