Kuunda kompyuta ya mezani: chagua vipande kwa kufuata maungio

Orodha ya vipande inaweza kujaa vitu bora vitupu na bado kompyuta isiwake. Prosesa imekaa vizuri kwenye soketi, ila ubao mama hauitambui. Kadi ya grafiki ina nguvu, ila imezidi nafasi ya kasha kwa milimita 8. SSD (diski ya kuhifadhia) imeingia kwenye sloti yake barabara, na papo hapo matundu mawili ya SATA, yale ya kuchomekea waya za diski, yamekufa. Hapo hakuna kilichoharibika. Vipande vimekutana bila mtu kuangalia kama vinaelewana. Ndiyo maana nikipanga kompyuta sianzi na swali la kipi ni bora. Naanza na nini kinaungana na nini, kwa wati ngapi, kwa milimita ngapi, kwa toleo lipi.

Kabla ya hayo, kazi. Andika kwenye karatasi mashine itafanya nini siku nyingi za wiki, si mara moja kwa mwaka. Uhasibu, kuandika na kuvinjari intaneti havihitaji kadi ya grafiki. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa na RAM ya GB 16 vinatosha. Kuhariri video kunataka viini vingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, na RAM ya GB 32. Michezo inataka kadi kwanza, vingine vifuate: prosesa ya viini 6 ya miaka ya karibuni huihudumia kadi ya kati bila kulemewa. Kosa linalojirudia sana ni prosesa ya viini 16 iliyofungwa na kadi dhaifu kwenye mashine ya michezo. Viini vingi vinakaa bure huku kadi ikihema.

Prosesa na ubao mama

Viwili hivi huchaguliwa kwa pamoja. Upande wa AMD, soketi ya AM4 inatumia RAM za DDR4 tu, na AM5 iliyotoka 2022 inatumia DDR5 tu. Upande wa Intel, LGA 1700 inabeba vizazi vya 12, 13 na 14, na hapo ubao ndio unaoamua kama ni DDR4 au DDR5, kwa hiyo soma jina lake lote hadi herufi ya mwisho. LGA 1851 ya 2024 ni DDR5 tu. Namba hizo za Intel ni idadi ya vigusio; prosesa ya 1700 haiingii kwenye 1851 kwa namna yoyote.

Soketi kufanana hakutoshi. Ubao una programu yake ya ndani, BIOS, na BIOS iliyopakiwa kiwandani kabla prosesa haijatoka haiwezi kuijua. Ubao wa AMD wa B450 uliokaa ghalani unaweza kuikataa Ryzen 5000, moja ya prosesa za AMD. Ubao wa Intel wa B660 unaweza kukataa prosesa ya kizazi cha 13 au 14. Ubao wa AMD wa B650 wa mwanzo unaweza kukataa Ryzen 9000. Dalili ni ile ile: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Mnunuzi anadhani prosesa imekufa, anairudisha, anapewa nyingine, na nyingine nayo haiwaki.

Kinga yake ni dakika tano. Fungua ukurasa wa ubao huo kwenye tovuti ya walioutengeneza, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, kisha soma toleo la BIOS lililoandikwa mbele ya prosesa yako. Halafu angalia kama ubao una kitufe cha kupakia BIOS bila prosesa. Mimi kitufe hicho nakipa uzito kuliko taa za rangi na urembo wote uliobaki. Kazi yake ni rahisi: unapakua faili la BIOS, unalipa jina ambalo mwongozo wa ubao unalitaka, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unaichomeka kwenye lile tundu la USB lenye alama, unaunganisha umeme, unabonyeza kitufe kwa sekunde chache mpaka taa yake ianze kupepesa. Usiguse umeme hadi taa iache kupepesa.

Angalia na herufi zilizo mwishoni mwa jina la prosesa. Kwa Intel, F ina maana haina grafiki ndani. Bila kadi, skrini haitaonyesha kitu. Ryzen nyingi za AM4 zisizo na G ziko hivyo hivyo. Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo, ambayo haifai kwa michezo mizito lakini inakuokoa siku kadi ikigoma na unataka kujua tatizo liko wapi.

Kando ya soketi kuna saketi ya kushusha na kugawa umeme wa prosesa, ile ambayo kwenye mbao nzuri hufunikwa na vipande vya alumini. Prosesa ya Ryzen 5 7600 inavuta hadi wati 88 hivi, na karibu ubao wowote unaimudu. Core i9-13900K inaruhusiwa kufika wati 253. Ukiiweka kwenye ubao wa bei ya chini usio na alumini hapo, saketi inachemka, ubao unapunguza kasi ya prosesa ili kujiokoa, na wewe unabaki na prosesa ghali inayokwenda kama ya kati. Tena, kwa prosesa za Intel za vizazi vya 13 na 14 zenye nguvu kubwa, Intel ilikiri 2024 kwamba volti ilikuwa inapanda kupita kiasi na kuzichosha, ikatoa marekebisho kupitia BIOS. Marekebisho hayo yanazuia madhara mapya. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Anayenunua iliyotumika ajue hilo, na aipakie BIOS mpya kabla ya kitu kingine.

Anayetaka mashine ya kuboresha baadaye aangalie umri wa soketi. Prosesa za Ryzen za kwanza za AM4 zilitoka 2017, na hadi 2024 mpya zilikuwa bado zinatolewa kwa soketi hiyo hiyo. AMD imesema AM5 nayo itaendelea kupata prosesa hadi 2027 na zaidi.

RAM

DDR4 na DDR5 zina pengo la chini mahali tofauti, kwa hiyo ukiona stiki haishuki usiisukume kwa nguvu, umekosea aina. Nunua stiki mbili za pakiti moja, si moja kubwa, maana prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja na stiki moja inatumia njia moja tu. Kwenye ubao wa sloti nne, hesabu kuanzia kwenye prosesa: stiki zikae sloti ya pili na ya nne. Zikikaa ya kwanza na ya pili, njia moja inabeba zote na nyingine iko tupu. Kompyuta itawaka, haitalalamika, na mwenyewe hatajua anachokikosa.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. DDR5 ya 6000 ikiwashwa mara ya kwanza hukimbia kwa 4800, na DDR4 ya 3200 nyingi huanzia 2133 au 2400. Ingia BIOS, washa XMP kwa Intel au EXPO kwa AMD, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya stiki. Na usidanganywe na namba ya kasi peke yake. Chukua CL, namba ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, zidisha kwa 2000, gawa kwa kasi. DDR4-3200 ya CL16 inatoa nanosekunde 10. DDR5-6000 ya CL30 inatoa 10 vilevile. DDR5-6000 ya CL40 inatoa 13.3, ingawa kwenye boksi zote mbili imeandikwa 6000 kwa maandishi makubwa.

Stiki nne za DDR5 ni mtego. Kwa Ryzen 7000, AMD inathibitisha 5200 kwa stiki mbili na 3600 tu kwa stiki nne. Ukitaka GB 64, chukua mbili za 32. Halafu, mashine ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa, ubao ukiipima RAM. Wengi huzima hapo katikati, wakawasha, wakazima tena, na kila mara upimaji unaanza upya. Subiri dakika 10 nzima.

SSD na kadi

M.2 ni umbo tu la SSD ndogo zinazolala juu ya ubao. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za SATA zinazofika kama MB 550 kwa sekunde, na za NVMe zinazopita kwenye PCIe, njia ya data ya kasi ambayo kadi ya grafiki nayo huitumia; kwa PCIe 3.0 hufika kama 3,500 na kwa PCIe 4.0 kama 7,000. Zinafanana kwa macho: upana wa milimita 22, urefu wa 80. Sloti ya ubao inaweza kukubali aina moja na kuikataa nyingine. Na kwenye mwongozo wa ubao, chini ya jedwali la M.2, mara nyingi kuna maandishi madogo yanayosema sloti fulani ikitumika, matundu fulani ya SATA yanazimwa. Ndiyo yale matundu mawili yaliyokufa. Kwa kasi ya kila siku, tofauti kati ya NVMe ya 3,500 na ya 7,000 huisikii. Pesa hiyo ipeleke kwenye ukubwa.

Kwa kadi ya grafiki, pima vitu vitatu: urefu, unene kwa idadi ya sloti, na kumbukumbu yake. GB 8 zinaanza kubana kwenye michezo mipya yenye picha nzito. Kuna pia kadi za bei nafuu zilizopunguziwa njia za PCIe. RX 6500 XT ina njia 4 tu. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 inajikongoja, kwenye wa PCIe 3.0 inapoteza kasi waziwazi. Aliyeinunua ili afufue mashine ya zamani ndiye anayeumia zaidi.

Pawasaplai

Hiki, kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vipande vyote, ndicho kipande ambacho watu hukinunua kwa chenji iliyobaki, na ndicho pekee kinachoweza kuua vingine vyote kwa pigo moja. Anza na hesabu. Ryzen 5 7600, wati 88. Kadi ya RTX 4070, wati 200. Ubao, RAM, SSD na feni, weka 60. Jumla 348. Pawasaplai ya wati 550 inaimudu. Ya 650 inafanya kazi bila kelele na inaacha nafasi, maana kadi za sasa hupanda ghafla kwa vipande vya sekunde kupita wati zake zilizoandikwa. Kiwango cha pawasaplai cha ATX 3.0 cha 2022 kimeandikwa kwa kuzingatia miruko hiyo, kwa hiyo kwa kadi kubwa tafuta chenye alama hiyo.

Geuza pawasaplai usome karatasi ya ubavuni, mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi zinakula humo. Zidisha ampea kwa 12. Ampea 54 ni wati 648. Hiyo ni pawasaplai ya 650 ya kweli. Ukikuta ampea 38, ni wati 456, hata kama boksi limeandikwa 650. Alama ya 80 Plus nayo isikuzubaishe: Gold ina maana kwenye nusu ya mzigo angalau asilimia 90 ya umeme unaoingia inafika kwenye vipande badala ya kuwa joto. Haisemi kitu kuhusu ulinzi wa ndani wala uimara.

Kwenye waya, kichwa cha pini 8 cha prosesa na cha pini 8 cha kadi vinafanana, lakini volti 12 na ardhi vimegeuzwa. Cha prosesa hugawanyika 4 na 4, cha kadi 6 na 2. Kisipoingia kwa wepesi, toa uangalie tena. Kadi yenye vichwa viwili ipewe waya mbili tofauti, si waya moja yenye vichwa viwili. Kichwa kipya cha kadi cha pini 16 kinaweza kubeba hadi wati 600, na kisipozama hadi mwisho pini zinachemka na plastiki inayeyuka. Sukuma mpaka pasiwe na mwanya wowote, na usikunje waya karibu na kichwa.

Waya za kuchomoa za pawasaplai moja usizitumie kwenye nyingine, hata za kampuni ile ile. Upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna mpangilio wa pamoja. Kichwa kinaweza kuingia vizuri, na SSD zako zikapokea volti 12 mahali pa 5.

Kasha, kisha jaribio

Kasha ni vipimo. Ubao wa ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX 244 kwa 244, mini-ITX 170 kwa 170. Kipoza joto kikubwa cha hewa kama NH-D15 kina kimo cha milimita 165, na makasha mengi membamba yanaishia 160. Mbele pawe na wavu, si kioo kizima. Vinguzo vya shaba vinavyobeba ubao viwe palipo na matundu ya ubao tu. Kimoja kikizidi kinagusa saketi kwa nyuma na kompyuta inazima kabla ya kuwaka.

Kabla ya kufunga chochote humo, jaribu nje. Weka ubao juu ya boksi lake, funga prosesa, toa plastiki ya chini ya kipoza, paka pesti ya joto kama punje ya mbaazi, funga kipoza na chomeka feni yake. Weka stiki moja ya RAM kwenye sloti ya pili. Unganisha waya kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa. Kama prosesa haina grafiki, weka kadi, na waya ya skrini iingie kwenye kadi, si kwenye ubao. Gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Mbao nyingi zina taa nne ndogo: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Inayobaki inawaka ndiyo inayokuambia pa kutazama. DRAM ikikwama baada ya kusubiri vya kutosha, toa stiki, irudishe hadi usikie klipu zinafunga, kisha ujaribu ile nyingine. CPU ikikwama, rudi kwenye orodha ya BIOS, kisha chungulia pini za soketi (kwa AM4, za prosesa yenyewe) kwa mwanga wa ubavuni: iliyopinda hung'aa tofauti na wenzake.