Thamani ya msingi: bei ya mruko kabla haujarukwa

Thamani ya msingi ni alama ambazo kila mruko kwenye mchezo wa kuteleza kwenye barafu unakuwa nazo tayari, kabla mtelezaji hajafunga hata kamba za viatu vyake. Zimeandikwa kwenye jedwali la shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, na jaji hana mkono hapo. Apende asipende, Lutz, mojawapo ya aina za miruko, ikiwa ya mizunguko minne hewani ni 11.50, Lutz ya mizunguko mitatu ni 5.90, na Lutz ya mzunguko mmoja ni 0.60. Ukizielewa namba hizi tatu, nusu ya ugomvi wa mashabiki unakwisha. Nusu nyingine haiishi, nitaifikia.

Niliwahi kuieleza dhana hii saluni, Nkuhungu, tukiwa wanne tunasubiri mechi ya Dodoma Jiji ianze. Huku kwetu barafu tunayoijua ni ile ya ubuyu wanayofyonza watoto wakitoka shule, kwa hiyo msishangae nikisema mjadala ulianza kwa kijana wa bodaboda kuuliza kama hao watu hawasikii baridi. Alikuwa na simu mkononi, anaangalia kipande cha mashindano ya dunia ya mwaka 2024 kule Montreal. Mfaransa Adam Siao Him Fa alikuwa wa 19 baada ya programu fupi, onyesho la kwanza kati ya mawili, akamaliza na medali ya shaba. Tena katikati ya onyesho lake alipiga sarakasi ya kupinduka kinyumenyume, ambayo wakati huo ilikuwa marufuku, akakatwa alama 2, na bado akapanda jukwaani.

"Kutoka kumi na tisa mpaka tatu? Hiyo imepangwa," kijana akasema. Kinyozi, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anakinyoa, akamuunga mkono. Kwake kila matokeo asiyoyatarajia yamepangwa, kuanzia ligi mpaka uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa.

Tuanze na hesabu yake, maana ni nyepesi. Programu ziko mbili, fupi na ndefu, na alama zake zinajumlishwa. Siao Him Fa alipata 77.49 kwenye fupi. Mjapani Shoma Uno, aliyekuwa anaongoza, alikuwa na 107.72. Hapo kuna pengo la alama 30, na ukifikiri kwa mtindo wa "ameshika namba ngapi" unaona mtu amekwisha. Lakini namba hazibebwi kwenda programu ndefu, zinazobebwa ni alama. Kwenye programu ndefu Mfaransa alirundika miruko ya mizunguko minne, kila mmoja na bei yake kubwa, akavuna 206.90. Uno siku hiyo miruko yake mikubwa ilimgomea. Mwisho wa yote, Siao Him Fa alikuwa na 284.39, Uno akashika nafasi ya nne kwa tofauti ya alama zisizofika 4. Ilia Malinin wa Marekani, aliyekuwa wa tatu baada ya programu fupi, alichukua dhahabu kwa programu ndefu ya 227.79.

Sasa, bei hiyo inafanyaje kazi? Pale saluni jibu lilikuwa limebandikwa ukutani. Karatasi ya bei: kipara elfu mbili, panki elfu tatu, panki na piko na kuchonga ndevu elfu saba. Nikamwambia kinyozi, wewe ndiye ISU. Mteja akichagua kazi ya elfu saba, hesabu inaanzia elfu saba. Ukimnyoa akapendeza, anakuachia na ya soda. Ukimkwaruza sikio, anakukata. Lakini hata akikukata, hakulipi ya kipara, kwa sababu kazi uliyoifanya si kipara.

Ndivyo jopo la majaji linavyofanya. Majaji tisa wanauangalia mruko uleule, kila mmoja anautolea alama ya ubora kuanzia kutoa 5 mpaka kuongeza 5. Ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zinazobaki zinatafutiwa wastani. Kila hatua moja ya ubora ni asilimia 10 ya thamani ya msingi. Kwa hiyo ile Lutz ya mizunguko minne ya 11.50 ikitua vizuri sana, ubora wa 4, inapanda mpaka 16.10. Lutz ya mizunguko mitatu hata ikipewa 5 na majaji wote, inaishia 8.85. Ndiyo maana watelezaji wanavunjika viuno wakijaribu mizunguko minne: aliye hodari kwenye kazi ya bei ndogo hamfikii aliye hodari kwenye kazi ya bei kubwa.

Na akianguka? Hapa ndipo shabiki anayeangalia kwa macho tu anapopotea. Kuanguka kunampa mtelezaji ubora wa kutoa 5, yaani nusu ya bei inakwenda, halafu anakatwa alama 1 ya kuanguka. Lutz ya mizunguko minne iliyomwangusha mtu: 11.50 toa 5.75, toa 1. Inabaki 4.75. Ni hasara, ndiyo, lakini si sifuri. Salchow, aina nyingine ya mruko, ikiwa ya mizunguko mitatu na imetua salama bila madoido yoyote ni 4.30. Huyu amesimama, yule amebiringika chini, na aliyebiringika ana alama zaidi.

Lakini kuna jambo baya kuliko kuanguka, na ajabu yake ni kwamba wengi hawalioni kabisa. Mtelezaji amejipanga kuruka mizunguko minne. Anaondoka chini, sehemu ya sekunde mwili unaogopa au muda unamponyoka, mikono inafunguka mapema, anazunguka mara moja tu na kutua kwa mguu mmoja, ametabasamu, hajagusa barafu kwa mkono. Watazamaji wanapiga makofi. Kwenye karatasi imeandikwa Lutz ya mzunguko mmoja: 0.60. Amepoteza karibu alama 11 ndani ya sekunde moja na hakuna aliyeshtuka isipokuwa kocha wake. Kwenye programu fupi ni balaa zaidi, maana mruko wa peke yake ukiwa wa mzunguko mmoja kwa wanaume hauhesabiwi kabisa. Programu fupi ina miruko mitatu tu, ukipoteza mmoja umeshuka nafasi kumi.

Nilirudia kipande hiki mara mbili pale saluni. Mara ya kwanza mzee mmoja, aliyekuwa ameingia na "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, na kukaa kwenye benchi bila kusema ana shida gani, alinikatiza. "Kwa hiyo kijana wangu, bora uanguke ukiwa umejaribu nne, kuliko usimame umezunguka moja?" Ndiyo, mzee. 4.75 dhidi ya 0.60. Akacheka peke yake muda mrefu.

Kuna mtego mwingine katikati, nao ndio unaozaa maneno mengi kuliko yote. Pembeni ya majaji kuna jopo la ufundi la watu watatu, kazi yao ni kutaja mruko ni upi na kuhakikisha mizunguko imetimia. Wanarudisha video, wanaiangalia polepole. Mzunguko ukipungukiwa zaidi ya robo lakini haujafika nusu, thamani ya msingi inashuka mpaka asilimia 80, Lutz yetu inakuwa 9.20. Ukipungukiwa nusu au zaidi, unahesabiwa kama mruko wa chini yake, 5.90. Majaji wa ubora nao wanatakiwa wakate. Mtelezaji ametua wima, sisi tumeona wima, kumbe kisigino kilikuwa kinatazama upande usio wake. Kamera ya televisheni mara nyingi iko upande wa pili. Nikiona shabiki analia kwamba mtu wake ameibiwa, swali langu la kwanza huwa hilo: umeona karatasi ya alama, au umeona televisheni? Karatasi hizo hutolewa kila baada ya mashindano, kila mruko na bei yake, kila jaji na alama yake, mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Mfumo huu haukuwapo zamani. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 jaji alitoa alama kwenye mizani ya mwisho 6.0, na kilichohesabika hasa ni nani amewekwa mbele ya nani. Yaani kila jaji anapanga namba zake, kama mwalimu wa darasa. Halafu ikaja Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walipewa dhahabu mbele ya Wakanada Jamie Salé na David Pelletier, jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa, na baada ya kelele za siku kadhaa Wakanada nao wakapewa dhahabu. Mfumo wa thamani ya msingi ulianza kutumika kwenye mashindano makubwa ya ISU mwaka 2004, ukiwa na lengo la kumnyang'anya jaji uwezo wa kupanga namba.

Kelele hazikwisha, zilihama. Olimpiki ya Vancouver 2010, Mrusi Evgeni Plushenko aliruka mizunguko minne na Mmarekani Evan Lysacek hakuruka hata mmoja wa aina hiyo, lakini Lysacek akashinda kwa 257.67 dhidi ya 256.36. Watu walisema dunia imepinda. Karatasi ilisema kitu kingine: Lysacek alikuwa ameweka miruko yake mingi nusu ya pili ya programu, miguu ikiwa imechoka, ambako thamani ya msingi huongezwa asilimia 10. Senti senti, mpaka akampita. Siku hizi nyongeza hiyo imebanwa, kwenye programu ndefu ni miruko mitatu ya mwisho tu.

Olimpiki ya Sochi 2014 ni habari tofauti, na hapa siwezi kujifanya thamani ya msingi inamaliza kesi. Mkorea Yuna Kim aliteleza bila kosa la kuonekana. Mrusi Adelina Sotnikova, akiwa nyumbani, aliyumba kidogo kwenye mruko mmoja, akashinda kwa 224.59 dhidi ya 219.11. Sehemu ya tofauti inaelezeka kwa bei: Sotnikova aliruka mizunguko mitatu mara saba, Kim mara sita. Lakini mbali na miruko kuna alama za utelezaji wenyewe, ambazo leo zina vipengele vitatu: mpangilio wa onyesho, uwasilishaji, na ustadi wa kuteleza. Hizi hazina bei ukutani. Jaji anatoa mpaka 10 kwa jicho lake. Na wakati ule karatasi ilificha jaji yupi alitoa alama ipi, siri iliyoondolewa na ISU mwaka 2016. Sotnikova, ambaye kabla ya hapo hakuwa akipewa alama za namna hiyo, siku hiyo alikaribiana sana na Kim kwenye alama hizo. Mimi naamini bei peke yake haikutosha kumpa ushindi ule, na anayebishana nami namkaribisha, ila abishane kwenye vipengele na ubora. Kwenye bei ya miruko hakuna cha kubishana, imeshahesabiwa.

Mechi ilikuwa karibu kuanza, kinyozi ameshazima mashine. Mzee akauliza swali ambalo mimi nililitarajia kwa kijana wa bodaboda: "Na hiyo bei ya ukutani, nani anaipanga?"

Anaipanga ISU yenyewe, na inaibadilisha. Mpaka msimu wa 2017/18 Lutz ya mizunguko minne ilikuwa 13.60, na ubora wa chini kabisa ulikuwa unakata alama 4 tu. Mtu akianguka alibaki na 8.60, wakati Lutz ya mizunguko mitatu iliyotua salama ilikuwa 6.00. Kuanguka kulikuwa kunalipa. Mwaka 2018 wakashusha bei na kuongeza makato, na leo hesabu ni 4.75 dhidi ya 5.90, aliyesimama yuko juu. Mruko uleule, barafu ileile.

Kinyozi akageuka kuitazama karatasi yake. Ya elfu saba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya elfu sita iliyokatwa. "Umeme umepanda," akasema, akaongeza sauti ya televisheni.