Kabla hujatuma sampo (sampuli ya bidhaa yako) China, pitia hapa kwanza

Malalamiko dirishani kwetu kwenye usajili wa alama za biashara yameongezeka na karibu yote ni yaleyale, mtu kabuni begi lake, kalipeleka kutengenezwa Guangzhou maana bei iko chini, msimu haujaisha analikuta Kariakoo lilelile kwa jina lingine. Anakuja na cheti mkononi, mbona nimesajili? Ndugu zangu, cheti cha hapa kinalinda jina, tena hapahapa Tanzania Bara, hata Zanzibar wana usajili wao. China anayewahi kusajili ndo mwenye jina.

Na jina ni kitu kidogo, kinachoondoka ni ujuzi. Schwinn, kampuni ya baiskeli ya Chicago, Marekani, ilianza 1895, mwaka 1980 wafanyakazi wakagoma, oda zikahamia kwa Giant, kiwanda cha baiskeli cha Taiwan, na Schwinn wenyewe wakapeleka mainjinia wakafundishe. Katikati ya miaka ya 80 baiskeli nyingi za Schwinn zilitoka kwa Giant, 1987 Giant wakaingia Marekani na jina lao, 1992 Schwinn wakafilisika. Hapo nani kaiba? Kwahiyo mtu akiniambia "Wachina wezi" namuuliza, vipimo nani katuma? Na ile video ya WhatsApp ya jinsi ya kushona?

Sasa utaratibu. Unatafuta kwanza kama jina lipo, unaomba mtandaoni, unalipia kwa control namba, mkaguzi anapitia, linatangazwa kwenye jarida, zinahesabiwa siku 60 za pingamizi, ndo cheti kinatoka, kinadumu miaka 7 halafu unahuisha kila miaka 10. Tafadhali msije siku ya 20 kuuliza cheti, hizo 60 ni za kisheria, hatuwezi kuzipunguza. Uvumbuzi wenyewe unalindwa kwa hataza (patent), iombwe KABLA hujamuonyesha mtu. Mzigo wenye jina lako wa kufoji, FCC (Tume ya Ushindani) wanaweza kuukamata bandarini ukateketezwa, ukija na jina lingine alama yako haisaidii kitu.

Mkataba wa kutunza siri usainiwe kabla ya sampo, uwe kwa Kichina, ugongwe mhuri wa kampuni yao, useme moldi, yaani umbo la kutengenezea bidhaa, ni ya nani. Na usimpe mtu mmoja kila kitu. Kuna mama wa mafuta ya nywele, chupa anaagiza kule, mfuniko kiwanda kingine, mafuta anachanganya mwenyewe nyumbani Mbagala na vipimo viko kichwani kwake na kwa binti yake tu.